Binti wa kwenye video anaitwa nani?

Msomaji wangu mpendwa, yupo binti unayemwona karibu kila siku. Unamwona kwenye televisheni ya kinyozi, kwenye simu ya kijana wako, na kwenye runinga ya basi iliyofungwa pale juu karibu na dereva. Anacheza nyuma ya msanii, au mbele yake, au ameketi kando ya bwawa la kuogelea kwenye nyumba isiyo yake. Wimbo ukiisha unalijua jina la aliyeimba. Jina la mtayarishaji nalo unalijua, maana limetajwa mwanzoni kabla hata mashairi hayajaanza. Jina la aliyepiga video limeandikwa pembeni. Jina la binti hulijui, na pengine hujawahi kulihitaji.

Tarehe 20 Aprili 2018 alifariki dunia jijini Dar es Salaam dada mmoja, mwenyeji wa Mbeya, aliyeitwa Agnes Gerald. Ukilitaja jina hilo leo barabarani, wengi watakuuliza ni nani huyo. Sema Masogange, utaona wanatikisa kichwa kwamba wamekumbuka. Masogange ni jina la wimbo wa Belle 9. Agnes alionekana kwenye video yake, na tangu siku hiyo jina la wimbo likawa jina lake yeye. Magazeti yakaliandika hivyo, mitandao ikaliandika hivyo, hata taarifa za msiba zikaliandika hivyo. Wazazi walimpa jina, nasi tukamwita kwa jina la wimbo ambao hakuuimba wala kuutunga. Miaka yote hiyo kilichozungumzwa juu yake kilikuwa umbo lake, na waliolizungumza umbo hilo walikuwa wengi kuliko waliopata kuisikia sauti yake.

Sitaki tumhukumu marehemu. Nimemtaja kwa sababu ndiye mmoja ambaye angalau tulifika mahali tukamjua kwa jina fulani. Wenzake mia kidogo wamepita kwenye runinga zetu bila hata hilo.

Mwishoni mwa mwaka juzi nilipanda Suji kwa msiba wa ndugu. Wanaoifahamu njia hiyo watanielewa: unaiacha barabara kuu ya lami pale Makanya, kwenye joto na vumbi, kisha unaanza kuupanda mlima kona baada ya kona hadi upepo unabadilika na unatafuta sweta. Tulizika, tukala, tukaomba. Siku ya kurudi tulishuka na mabegi yetu na ndizi tulizofungashiwa, tukapanda basi la kwenda Dar es Salaam. Kwa saa ya kwanza zilipigwa nyimbo za injili, kama ilivyo desturi ya mabasi mengi asubuhi. Tulipoikaribia Mombo konda akabadilisha. Ikaja video ambayo sitaieleza hapa, itoshe kusema kwamba kamera ilikuwa na kazi moja tu, na kazi hiyo haikuwa kuonyesha sura ya mtu.

Mama mmoja, bado amejifunga kanga yake ya msiba, akamwambia konda kwa upole, mwanangu, hebu tuzimie hiyo, kuna watoto humu. Konda akajibu kwa heshima tu kwamba abiria ndio wanaopenda, mama. Yule mama akanyamaza kidogo, halafu akasema kama anajisemea mwenyewe kwamba huyo mtoto naye ana mama yake mahali. Baadhi wakacheka. Na mwanamume mmoja aliyekaa nyuma yangu, mtu wa makamo, amevaa suti ya mazishi, akasema: ameyataka mwenyewe.

Neno hilo halijanitoka mpaka leo. Ameyataka mwenyewe. Nakuomba, msomaji, tulitazame pamoja, kwa kuwa ndilo tunalotumia wengi wetu hata tusipolitamka. Tunapozungumzia video za muziki kanisani, kwenye mikutano ya akina mama, kwenye semina za vijana, mahubiri yetu huanzia kwenye sketi na kuishia kwenye sketi. Binti amevaa nini. Binti amecheza vipi. Binti amelelewa na nani. Ni kana kwamba video ilijipiga yenyewe, ikajihariri, ikajipeleka kituoni na kujilipia matangazo.

Sisi Wapare tunataniwa nchi nzima kwamba tunapenda kesi na tunaijua thamani ya shilingi. Eti Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Basi utani huo leo utufae. Tuulize kama Wapare: hela imeingia mfukoni mwa nani?

Mwaka 2020 iliripotiwa kwamba video za Diamond Platnumz zilikuwa zimetazamwa zaidi ya mara bilioni moja kwenye YouTube. Simtaji kwa ubaya. Ni kijana aliyetoka Tandale akafika mbali kwa juhudi, na si kila video yake ni ya aina hii. Nataka tu uone ukubwa wa soko. Mara nyingi video inapofunguliwa, tangazo hupita, na tangazo ni fedha. Fedha hiyo huenda kwa mwenye wimbo, kwa kampuni inayomsimamia, na kwa mtandao wenyewe. Kituo cha televisheni nacho kinauza muda wake kwa wafanyabiashara kwa sababu watu wamekaa kutazama. Mchezaji wa nyuma hulipwa ujira wa siku, pengine nauli na chakula juu yake, pengine ahadi kwamba atajulikana. Wimbo unaweza kuingiza hela miaka mitano. Yeye hapigiwi simu. Na kama baadaye ameolewa, ameokoka, ana watoto shuleni na anatamani picha zile ziondolewe, hana pa kuzishika. Zimekuwa mali ya mwingine.

Sasa huyu ndiye tunayesema ameyataka mwenyewe. Katika mnyororo wote huo, yeye ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote na lawama nyingi kuliko wote.

Utaniambia, lakini serikali imechukua hatua. Ndiyo, imechukua, na tuzitazame hatua hizo. Julai 2015 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lilimfungia Shilole mwaka mmoja kutokana na picha za onyesho lake la Ubelgiji. Mei 2016 wizara yenye dhamana ya sanaa iliisimamisha video ya wimbo Chura wa Snura, na Snura mwenyewe akazuiwa kufanya maonyesho hadi akamilishe usajili wake. Machi 2024 kule Zanzibar, baraza linalosimamia sanaa na filamu lilimfungia Zuchu miezi 6 baada ya onyesho lake la Kendwa. Watatu hao wote ni wanawake. Wanaume nao wameguswa, lazima niseme kweli. Februari 2018 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitoa orodha ya nyimbo zisizotakiwa kupigwa, na za wanaume zilikuwemo. Desemba mwaka huohuo BASATA liliwafungia Rayvanny na Diamond kwa muda usiojulikana kwa sababu waliuimba jukwaani wimbo Mwanza uliokwisha kupigwa marufuku. Januari 2019 wakafunguliwa.

Siwalaumu wenye kufungia. Ila angalia kinachopimwa. Kinachopimwa ni maadili, yaani kama watazamaji wameaibika. Neno nzuri, na mimi nalipenda. Lakini kuna swali jingine ambalo halikai kwenye orodha: binti aliyechezeshwa ametendewaje? Alikuwa na miaka mingapi? Alijua video itakuwaje, au alielezwa jambo moja asubuhi na likawa jingine mchana? Video ikifungiwa, mwenye wimbo hutoa toleo jipya, au huiacha mtandaoni ambako marufuku yenyewe huitangaza. Binti hapati toleo jipya la nafsi yake.

Kuna tukio jingine linalotuhusu sisi waumini kwa karibu zaidi. Septemba 2022 TCRA iliwataka watangazaji waache kuonyesha video ya wimbo Mtasubiri wa Diamond na Zuchu, kwa sababu ya kipande kilichopigwa katika mazingira ya kanisa ambacho kilionekana kuwaudhi waumini. Wengi wetu tuliona ni sawa. Mimi pia naona ni sawa. Nyumba ya ibada si pambo la video. Lakini jiulize nami, msomaji. Joho la kwaya likichezewa, tunasimama na tunasikilizwa. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mwili wa mtu ni hekalu la Roho Mtakatifu. Mahekalu hayo yanachezewa kila jioni sebuleni kwetu, saa ya chakula, nasi tunaomba tu tupitishiwe chumvi.

Hapa nitoke pembeni kidogo. Wapo watakaodhani nasema kiuno ni dhambi. Kiuno kimeumbwa na Mungu, na sijaona mahali alipojuta kukiumba. Bibi zetu wa pwani waliwafundisha mabinti kucheza unyagoni, wanawake kwa wanawake, mlango umefungwa, na hapakuwa na mwanamume aliyelipa kiingilio. Unaweza kuwa na maoni yako juu ya unyago, na kanisa limekuwa na maoni yake. Lakini ngoma ile ilikuwa ya mwenyewe. Ilimhusu yeye na maisha yake. Kuichukua ngoma hiyohiyo, kuikata kichwa na miguu kwa kamera ili ibaki sehemu moja tu, kisha kuiuzia macho ya watu asiowajua, ni biashara nyingine kabisa. Tusiwaonee bibi zetu.

Turudi kwenye Maandiko, maana ndiko tunakopaswa kupimwa. Fungua Injili ya Marko, sura ya 6. Herode anasherehekea siku ya kuzaliwa kwake. Amewaalika wakubwa wake, majemadari wake na watu wenye cheo wa Galilaya. Binti wa Herodia anaingia, anacheza, wote wanapendezwa, na mfalme anaapa kumpa chochote hata nusu ya ufalme. Binti anatoka kwenda kumuuliza mama yake aombe nini. Mama anataka kichwa cha Yohana Mbatizaji, aliyekuwa gerezani kwa kumwambia Herode ukweli juu ya kumchukua mke wa ndugu yake. Kichwa kinaletwa katika kombe, anapewa binti, naye anampa mama yake.

Umesikia mahubiri mangapi juu ya habari hii? Na katika mangapi kati ya hayo aliyelaumiwa alikuwa yule mchezaji? Tumemfanya kuwa mfano wa mwanamke mtongozaji. Wachoraji wa Ulaya wamemchora hivyo kwa karne nyingi. Sasa soma tena polepole. Marko hamtaji jina. Mathayo naye hamtaji. Jina Salome tunalipata kwa Yosefu, mwanahistoria wa Kiyahudi, nje ya Biblia kabisa. Na neno la Kigiriki ambalo Marko analitumia kumwita ni lilelile alilolitumia katika sura ya 5 kwa binti wa Yairo, ambaye tunaambiwa alikuwa na umri wa miaka 12. Ni neno la kumwita msichana mdogo.

Basi tazama chumba kile upya. Yumo msichana mdogo, mbele ya majemadari waliokunywa. Baba wa kambo anampangia bei. Mama anamtumia kulipiza kisasi. Wageni wanapiga makofi na hakuna hata mmoja anayesema imetosha. Mwisho anabebeshwa kombe mikononi, lenye kitu ambacho mtoto yeyote angepaswa kufichwa asikione. Karne zaidi ya 19 tumekuwa tukisema ameyataka mwenyewe.

Marko hakusema hivyo. Anaandika kwamba mfalme alihuzunika sana, lakini hakutaka kumkatalia kwa sababu ya kiapo chake na kwa sababu ya wale walioketi naye mezani. Yaani aliogopa watazamaji. Mwinjilisti anautupa uzito wa jambo kwa mwenye karamu na kwa walioketi mezani. Nasi ndio tunaoketi mezani siku hizi, msomaji. Konda alisema kweli: abiria ndio wanaopenda.

Kuna karamu nyingine, katika kitabu cha Esta sura ya 1, na hiyo huihubiri mara chache zaidi. Mfalme Ahasuero alifanya karamu ya siku 180, kisha akaongeza nyingine ya siku 7. Siku ya saba, moyo wake umechangamka kwa mvinyo, akawatuma matowashi 7 wamlete malkia Vashti na taji lake, ili watu na wakuu wauone uzuri wake. Vashti akakataa kuja. Biblia haituambii sababu, na mimi sitaiongeza. Kilichomtokea kimeandikwa: alinyang'anywa umalkia. Na mshauri mmoja, Memukani, akapata hofu kubwa kwamba wanawake wote watasikia habari hiyo na kuwadharau waume zao, hivyo ikapelekwa barua katika majimbo 127 kwamba kila mwanamume atawale nyumbani mwake.

Ziweke karamu hizi mbili pamoja. Aliyecheza tumemlaani. Aliyekataa kuonyeshwa aliadhibiwa, na wapo wahubiri mpaka leo wanaomtaja kama mfano wa mke mkaidi. Sasa tunataka binti afanye nini? Akikubali ni malaya, akikataa ana kiburi. Mabinti wa leo wanaijua hesabu hii vizuri. Anayekataa kuvua anaambiwa nje kuna wengine 20 wanaosubiri nafasi.

Bwana wetu alipofika kwenye jambo hili, katika mahubiri yake ya mlimani, alimwelekea mwanamume anayetazama. Alisema uzinzi unaanzia kwenye macho na moyo wa mtazamaji, na akamwambia afadhali aling'oe jicho lake. Kwa mwanamke anayetazamwa, mahali hapo, hakuwa na neno la lawama. Naona hatujauchukua uzito wa hilo. Tungeuchukua, semina nyingi za mavazi zingehamishiwa kwenye ibada za akina baba.

Na hapa naomba niseme jambo juu ya mlima wetu. Injili ya Waadventista iliingia Upare mwaka 1903 na wamisionari wa Kijerumani, na Suji imekuwa sehemu ya historia hiyo kwa muda mrefu. Wengi pale, wewe unaposoma hii Jumapili, walikwisha kuabudu jana. Ni watu wanaoishika siku yao, wanaoimba vizuri, na waliolelewa kwamba dansi si mahali pa Mkristo. Nimelelewa hapo, na namshukuru Mungu kwa malezi hayo. Lakini mtandao wa simu ulipopanda mlima ulikuta watu waliokatazwa kucheza. Hawakuwa wamefundishwa sana juu ya kutazama. Mzee wa kanisa hatacheza hata akilipwa. Ila jua likizama Jumamosi, taa zikiwashwa, muulize anatumiwa nini kwenye kundi lake la WhatsApp na wazee wenzake. Hatuchezi, lakini tunatazama, na tunamtumia jirani naye atazame. Sidhani kama kanisa la Suji liko peke yake katika hili. Walutheri wa Mbaga, Wakatoliki wa Same mjini, Wapentekoste wa Dar es Salaam, kila mmoja na simu yake.

Wanawake wa Upare wana historia ambayo mabinti zao hawajasimuliwa vya kutosha. Wakati wa mgogoro wa kodi ya mbiru, ulioanza mwaka 1945, wanaume walikusanyika Same kwa maelfu kupinga. Mwaka 1946 wanawake nao waliandamana hadi Usangi kumkabili mkuu wa wilaya wa Kiingereza, wakitaka suala hilo limalizwe. Walipeleka miili yao pale kwa miguu yao, kwa neno lao wenyewe, na serikali ya kikoloni ililazimika kuwasikia. Nadhani msichana wa Suji aliyesimuliwa habari hiyo akiwa na miaka 10 atakuwa na jambo la kulinganisha siku atakapoitwa kwenye studio.

Maana ataitwa. Mabinti wetu wanashuka kwenda mjini, wengine shuleni, wengine kazi za ndani, wengine dukani kwa shangazi. Mjini kuna mtu atamwambia ana sura ya video. Na safari hiyo, msomaji wangu, mzazi mwenzangu, tusiwe watu wa kwanza kumwogopesha na wa mwisho kumsikiliza. Akikuta kwamba mama atapiga kelele na baba atamfukuza, ataenda bila kuaga. Halafu likimpata la kumpata, hatakuwa na nyumbani pa kupigia simu, na wenye video wanalijua hilo vizuri sana.

Ukimsikia, muulize anachokwenda kufanya, kama ambavyo ungemuuliza aliyepata kibarua chochote. Wimbo unasemaje? Umeusoma maneno yake yote? Utavaa nini, na nguo hizo umeziona kwa macho yako kabla ya siku yenyewe? Mtakwenda wangapi, na nani mwanamke mtu mzima atakayekuwepo? Unalipwa kiasi gani, na kabla au baada? Video itaonyeshwa wapi, na ukikataa kipande fulani kitaondolewa? Yako kwenye karatasi hayo, au ni maneno ya simu? Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamtambua pia anayetumbuiza, haikuandikwa kwa ajili ya mtunzi peke yake, kwa hiyo karatasi si jambo la kujidai. Kama ana miaka chini ya 18, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kabisa kumwingiza katika kazi au biashara yenye mambo ya ngono, na anayemwita anapaswa kulijua hilo kabla yako. Mwenyekiti wa kijiji na afisa ustawi wa jamii wapo; waende kuulizwa mapema.

Kwa wanakwaya wetu nina ombi dogo. Tunarekodi video nyingi siku hizi, na ni jambo jema. Mpigapicha akisema wale wasichana wawili warembo wakae mbele na mama mnene wa sauti ya pili arudi nyuma, mkatalieni. Na mwisho wa video, pale mnapoandika jina la kwaya, la mchungaji na la studio, kuna nafasi bado. Andikeni majina ya waimbaji.

Kwa wewe mwanamume mwenzangu uliyevaa suti ya mazishi, nimekuweka gazetini bila ruhusa yako, unisamehe, sijakutaja. Katika kitabu cha Mwanzo sura ya 16 kuna mwanamke aliyetumiwa mwili wake na wenye nyumba. Sarai anamwita mjakazi wangu. Abramu anamwita mjakazi wako. Anakimbilia jangwani akiwa mjamzito, na wa kwanza katika habari hiyo kufungua kinywa akamwita Hajiri ni malaika wa Bwana. Kisha anamuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Safari nyingine konda akibadilisha pale Mombo, nawe ukawa umekaa viti vya mbele, mwambie yule mama aliyejifunga kanga kwamba hayuko peke yake. Konda humsikia zaidi baba mwenye suti.